Mama wa Kwenye Kadi

Tak.

Sauti ndogo tu, ya kifungo cha sketi kuchomoka kwenye uzi wake na kuanguka juu ya sakafu ya saruji. Siku nyingine Fundi asingeisikia, maana chumba chake hukesha na kushinda kwenye kelele za cherehani. Lakini dakika ile ile uzi ulikuwa umemkatikia, mguu umetulia juu ya kanyagio, na katika ukimya huo akasikia. Akainua kichwa. Binti yake alikuwa amesimama kando ya kitanda na sare yake ya shule, mikono miwili kiunoni, kama mtu anayezuia kitu kisimwagike.

"Sketi imebana," binti akasema.

"Sketi hiyo nimeishona mwezi wa kwanza. Na niliacha nafasi ya vidole viwili."

Fundi akautoa utepe wa kupimia shingoni, akampima. Alikuwa na vipimo vya mtaa mzima kichwani, viuno na mabega na marefu ya mikono, na kiuno cha binti yake alikijua kuliko namba ya simu yake mwenyewe: sitini na nne. Utepe ukasema sabini na mbili. Akaulegeza, akaunyoosha, akapima tena taratibu, kama unavyompa mtu nafasi ya kujisahihisha. Sabini na mbili.

"Mwezi wa ngapi?" akauliza.

Binti huyo, tangu akiwa na miaka minne, mtaa ulimwita Wakili, kwa sababu hakuna ugomvi wa watoto uliomalizika bila yeye kumtetea mtu. Siku hiyo aliinama, akakiokota kifungo, akakiweka juu ya meza ya cherehani.

Fundi alikuwa na miaka thelathini na miwili, binti yake kumi na mitano. Anayejua kutoa atajua kwamba mama huyu naye hakuwa mkubwa alipozaa. Alikuwa kidato cha pili. Shule haikumfukuza. Aliambiwa na mwalimu wa zamu, kwa upole kabisa, aende nyumbani akapumzike. Alikwenda. Alipumzika mpaka mtoto akatembea, akapumzika mpaka wenzake wakamaliza, na siku moja shangazi yake aliyekuwa na cherehani akamwambia, "Mapumziko yako yamezidi, mwanangu, njoo nikuoneshe namna ya kupinda pindo." Hivyo ndivyo alivyopata kazi, na jina. Hata mumewe, dereva wa malori anayeonekana nyumbani mara moja kila baada ya miezi miwili, humwita Fundi.

Waliishi chumba kimoja, cha mwisho katika safu ya milango sita yenye bomba moja la maji. Pazia liligawa chumba. Mbele kulikuwa na cherehani, pasi ya mkaa na kamba ya sare zilizokamilika. Nyuma kitanda, ndoo, masanduku na vitabu vya Wakili vilivyopangwa juu ya matofali. Fundi alikuwa akishona sare za shule ile ile aliyosoma binti yake. Kila Januari wasichana walipanga foleni mpaka bombani, na yeye akawapima mmoja mmoja, akiwatania: "Wewe unakua kama mhindi. Mwambie mama yako aache kukumwagilia."

Aliyempa Wakili mimba alikuwa kijana wa duka la fotokopi, aliyekuwa akimtolea nakala za mitihani ya nyuma bila kumtoza. Fundi alipokwenda kumtafuta alikuta duka lina mtu mwingine. Kijana alikuwa amehama, na simu yake kila ikipigwa ilikuwa haipatikani.

Uamuzi Fundi aliutoa akiwa anapiga pasi. Hakuinua macho.

"Mtoto atakuwa wangu," alisema.

"Wako vipi, mama?"

"Wangu. Nimebeba mimba, nimezaa. Wewe utakwenda kwa mama mkubwa ng'ambo ya mji, utakaa huko mpaka ujifungue. Shuleni nitasema una homa ya ini. Halafu utarudi darasani."

"Watu watajua."

"Watu wanajua wanachokiona. Mimi miaka kumi na miwili kazi yangu ni kuwafanya watu waone nguo, wasione mwili."

Na kweli aliifanya kwa ufundi wake wote. Mumewe peke yake, alipopita nyumbani, aliambiwa ukweli na kuapishwa. Alikusanya mabaki ya vitambaa, akashona mito mitatu: mdogo, wa kati na mkubwa, kila mmoja na mikanda yake ya kufungia mgongoni. Wa kwanza aliuvaa miezi miwili. Alijifunza kukaa miguu imeachana, kuinuka kwa kushika ukuta, kuguna. Wanawake wa bombani walimpokea kwa furaha, maana mjamzito ni mali ya wote.

"Fundi, uzeeni huku! Ama baba watoto safari hii alikuja na mizigo miwili?" Huyu alikuwa Mama Mapacha wa mlango wa tatu, ambaye kwake siri ilikuwa kama maji kwenye chekeche.

"Uzee gani? Wewe mwenyewe ungeweza, ila mzee wako anakoroma mapema."

Walicheka mpaka ndoo zikafurika. Siku moja mto wa kati ulimlegea, ukateleza, na Mama Mapacha akapiga kelele, "Jamani, mimba ya Fundi imehamia ubavuni!" Fundi akashika kiuno, akasema mtoto amegeuka, ni mkorofi kama baba yake. Wakamnyang'anya ndoo: "Weka chini, mjamzito wewe!" Wakambebea maji mpaka mlangoni. Alitembea nyuma yao mikono mitupu, na moyoni alikuwa akimwona Wakili kule ng'ambo ya mji, na tumbo la kweli, anaosha vyombo vya mama mkubwa na hakuna wa kumpokea ndoo.

Wakili alihudhuria kliniki mara moja tu. Kila foleni ilikuwa na mtu wa kumuuliza yeye ni mtoto wa nani. Uchungu ulimshika Jumanne, akajifungua Alhamisi alfajiri katika zahanati ndogo. Mkunga alimwambia Fundi aliyewasili akihema kwamba msichana wa umri ule, mimba ya kwanza, alipaswa kupelekwa hospitali kubwa mapema. Kwamba damu imemtoka nyingi. Kwamba ameshonwa, na arudishwe baada ya wiki moja aangaliwe mshono na apimwe damu, kisha tena baada ya wiki sita. Fundi aliitikia yote. Alitamani kuuliza wametumia uzi gani. Hawakurudi, si baada ya wiki, si baada ya wiki sita, kwa sababu mpango ulikuwa umeshaandikwa: Wakili arudi nyumbani kwanza, mwembamba, amepona homa ya ini, siku ya tatu Fundi ashuke kwenye gari na mtoto mikononi.

Mtoto alikuwa wa kiume, na uso uliokunjamana kama wa mtu anayesubiri maelezo. Wakampa jina la utani la Mheshimiwa. Wanawake wa milango sita walikuja na sabuni na nepi.

"Huyu na dada yake, kama wamekatwa kwa mkasi mmoja!" akasema Mama Mapacha. "Macho yale yale!"

Fundi alicheka pamoja nao. Wakili alikuwa nyuma ya pazia, ameshika kitabu juu chini.

Wiki nane za mwanzo mtoto alinona. Pazia lilipofungwa alinyonya kwa mama yake, lilipofunguliwa alibebwa na bibi yake, na mtaa ukasema Fundi ana maziwa ya baraka. Kisha shule ikafunguliwa. Siku ya kwanza Wakili alirudi saa tano asubuhi, amejifunika kifua kwa daftari. Blauzi ilikuwa imelowa.

"Nimewaambia nimemwagikiwa maji," alisema. "Kesho nitasema nini?"

Fundi alimtazama kwa jicho la kazi. Akachukua kitambaa cha shuka, kizito kisichovutika, akakata, akashona kitu ambacho hakikuwa na jina katika vitabu vya ushonaji: ukanda mpana wa kubana kifua, wenye kamba nane za kufunga mgongoni. Jioni hiyo alimvalisha, akaweka goti mgongoni mwake, akavuta.

"Mama, inauma."

"Itauma siku tano, halafu yatakata. Vumilia. Mimi hakuna aliyenishonea kitu. Nilikaa nyumbani na maziwa yangu."

Siku ya tatu Wakili alifanya jaribio la hesabu na homa, kifua kigumu kama jiwe la kusagia. Alipata tisini na moja. Fundi aliibandika karatasi hiyo ukutani juu ya cherehani.

Mheshimiwa akahamia kwenye boksi la mabaki ya vitambaa, kando ya kanyagio. Wateja walimsalimu akiwa ndani yake kama karani dirishani. Alipewa uji mwepesi na maziwa ya duka yaliyozidishwa maji ili yafike jioni, kwenye chupa iliyosimama juu ya meza tangu asubuhi, karibu na pasi. Fundi hakuwa mwanamke mchafu wala mvivu. Aliosha chupa kila alipokumbuka, na alikumbuka kati ya sare moja na nyingine. Mtoto aliharisha, akapona, akaharisha. Wakati mwingine aliacha kulia kabisa, na Fundi akamshukuru Mungu kwa kupata mtoto mtulivu.

Siku ya mizani ilikuwa Alhamisi. Kwenye kliniki ya mtaa Fundi alikuwa amesema kadi ya kwanza imepotea, akaandikiwa nyingine. Jina la mama: lake. Umri wa mama: thelathini na mitatu. Mtoto wa ngapi: wa pili. Nesi wa mizani alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mcheshi, mkali kwa wanaochelewa. Mwezi wa nne alinyanyua kadi, akaonyesha mstari wa uzito uliokuwa ukipanda na sasa umelala chali.

"Mama, mstari huu unataka kusinzia. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Mchana na usiku."

"Sawa, nesi."

Mwezi wa tano mstari ulianza kushuka. "Unakunywa maji ya kutosha wewe? Kula vizuri, maziwa yatazidi. Mnyonyeshe kwanza, uji baadaye."

"Sawa, nesi."

Mwezi wa sita nesi alimkalisha pembeni, akamfundisha kwa mwanasesere wa kitambaa namna ya kumpakata mtoto, kidevu kiguse titi, mdomo ufunguke wote. Fundi alitazama kwa makini. Mafunzo yalikuwa mazuri. Aliyabeba mpaka nyumbani, akayaweka pale pale alipoweka mafunzo yote ya kliniki, kwenye kimya. Wakili alirudi shuleni, akamtoa mtoto kwenye boksi, akauliza:

"Nesi kasemaje?"

"Kasema anaendelea."

"Anaendelea kwenda wapi, mama?"

Fundi akakanyaga cherehani ili asijibu.

Jambo moja alilijua na hakumwambia mtu. Kila Jumamosi alikwenda sokoni kuchukua vitambaa. Akirudi, alimkuta Mheshimiwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi, na Wakili amefunga vifungo vya blauzi kombokombo. Ukanda wa kamba nane ulikuwa uvunguni, umejaa vumbi. Kila Jumamosi Fundi aliona, na kila Jumamosi alijifanya anahesabu vitambaa.

Alhamisi ya mwezi wa saba ilifika baada ya wiki nzima ya kuharisha. Zilibaki wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho wa Wakili. Asubuhi aliondoka mapema na kitabu kwapani, akambusu mtoto kwenye utosi, akasimama kidogo mlangoni kama aliyesahau kitu. Fundi alimwambia, "Nenda, utachelewa."

Saa tatu mtoto alitundikwa kwenye mizani ya suruali, miguu ikaning'inia humo kama soksi mbili. Nesi alitazama namba, akatazama kadi, akavua miwani akaifuta, akatazama tena. Hakutania. Alimbeba mwenyewe mpaka nyuma ya pazia, akamwita Fundi.

"Kaa hapa. Mnyonyeshe sasa hivi, nione anavyonyonya."

"Nesi, ametoka kunyonya."

"Huyu hajatoka kunyonya. Mpe."

Nje ya pazia akina mama walikuwa wakipiga soga kwenye mabenchi. Sauti ya Mama Mapacha ilisikika juu ya zote, akiwasimulia kisa cha mtu na mkwewe. Fundi alifungua vifungo vya gauni lake. Alikuwa amelishona mwenyewe, vifungo mbele, kama la mama anayenyonyesha, maana hakuwahi kusahau hata kitu kidogo. Alimpakata mtoto kama alivyofundishwa, kidevu kiguse titi. Mheshimiwa alifungua mdomo wote. Alishika, akavuta mara tatu, nne, kwa nguvu ambayo hakuna aliyedhani bado anayo. Akasimama. Akamtazama Fundi usoni. Akavuta tena, mara moja tu, kisha akaachia na kugeuza kichwa, hakulia, akalala na jicho moja nusu wazi.

Nesi alikuwa ameshika utepe mwembamba wa rangi tatu. Aliuzungusha kwenye mkono wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko. Mshale wake ukasimama kwenye nyekundu. Fundi hakuhitaji kuelezwa rangi. Alisoma namba kabla ya nesi: sentimeta kumi na nukta nane. Alikuwa amewahi kushona mikono ya nguo za mwanasesere wa mtoto wa mteja, na ile ilikuwa kumi na mbili.

"Mama," nesi akasema polepole, "titi hili halijatoa maziwa leo. Wala jana. Wala mwaka jana. Huyu mtoto umemzaa wewe?"

Nje, Mama Mapacha alifika mwisho wa kisa chake na mabenchi yakaangua kicheko. Fundi alisubiri kicheko kile kiishe.

"Ana mama yake," alisema.

"Yuko wapi?"

"Shule."

Nesi alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alipozungumza alikuwa na hasira, lakini aliizungumza chini chini, kwa ajili ya pazia.

"Miezi mitatu. Miezi mitatu ninamfundisha kunyonyesha mtu asiye na maziwa! Na wewe unaitikia, sawa nesi, sawa nesi. Nimekufundisha mpaka na mwanasesere!"

"Nilikuwa nasikiliza."

"Ulikuwa unasikiliza kwa niaba ya nani?" Akavuta pumzi. "Wazee wetu wanasema mficha uchi hazai. Wewe umeficha uchi ambao hata si wako. Ana miaka mingapi?"

"Kumi na sita. Alikuwa kumi na mitano wakati ule."

"Amewahi kupimwa tangu ajifungue? Damu? Mshono?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Anachoka? Anapata kizunguzungu?"

"Anasema ni kusoma."

"Ni kusoma," nesi akarudia, na kwa jinsi alivyorudia Fundi aliona kitu ambacho kilikuwa mbele yake miezi yote: midomo ya Wakili iliyopauka, namna alivyoshika ukuta akitoka bombani, namna alivyolala juu ya vitabu saa moja ya jioni. Alikuwa amempima binti yake kiuno kila mwezi, aone kama kimerudi sitini na nne. Kilipita, kikafika sitini na moja. Alifurahi.

Nesi alieleza. Mtoto alazwe leo katika wodi ya lishe ya hospitali kubwa. Siku kumi na nne, huenda zaidi. Watampa maziwa maalumu kwa kikombe, kidogo kidogo, lakini alihitaji na ya mama, na alihitaji mama mwenyewe, mchana na usiku, ngozi kwa ngozi. Mtoto alikuwa amechoka kutafuta titi lenye maziwa.

"Maziwa yamekauka tangu lini?"

"Nilimfunga kifua. Miezi mitano sasa. Lakini…" Fundi alikaza gauni lake. "Huwa anamnyonyesha Jumamosi. Anadhani sijui."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wa nesi ulilegea. "Basi hayajakauka. Maziwa huja yanapoitwa. Mlete. Gari la hospitali linaondoka saa saba. Mtoto niachie hapa, nitamnywesha kwa kijiko."

"Ana mtihani, nesi. Baada ya wiki tatu."

"Najua mitihani ipo." Nesi alikuwa ameshamgeukia mtoto. "Mwaka kesho nao utakuwa na mitihani. Siwezi kukuahidi huyu atakuwepo. Nenda."

Akina mama waligeuka Fundi alipotoka mikono mitupu. Mama Mapacha akasimama: "Mheshimiwa yuko wapi?"

"Amelazwa."

"Ee, pole mwenzangu! Nikusindikize?"

"Hapana. Niangalizie mlango."

Alitembea. Ilikuwa nusu saa mpaka shuleni kwa mtu anayetembea upesi. Njiani alipanga maneno na kuyafumua. Shule ile haikuwa na sheria iliyoandikwa kuhusu msichana aliyezaa. Ilikuwa na desturi tu: aliambiwa aende nyumbani akapumzike, na katika miaka yote ambayo Fundi aliishonea sare, hakuna aliyemwona akirudi kupimwa nyingine.

Mlinzi wa lango alimchangamkia. "Fundi! Suruali yangu lini? Au unangoja ninenepe?"

"Nenepa tu, nitaongeza kitambaa," alijibu, mdomo ukifanya kazi yake wenyewe.

Ilikuwa mapumziko ya saa nne na nusu. Uani wasichana walikuwa wakipita wawili wawili katika sare za bluu, na Fundi alitambua kila pindo. Ile aliiachia sentimeta tatu. Ile aliitanua kwapa. Mmoja alivaa sweta lililofungwa kiunoni, katika joto lile, na Fundi aligeuza macho upesi, kisha akayarudisha, akamtazama yule mtoto mpaka alipopotea nyuma ya darasa.

Mwalimu Mkuu alikuwa mama wa makamo, mnyoofu, aliyekuwa akimheshimu Fundi kwa sababu sare zake hazichaniki. Alimpa kiti.

"Umekuja kwa ajili ya vipimo vya mwakani? Mapema hivi?"

"Nimekuja kumwombea binti yangu ruhusa, mwalimu. Mtoto amelazwa. Gari linaondoka saa saba."

"Mheshimiwa? Maskini." Akagonga dirisha, akatuma msichana mmoja akamwite Wakili. "Lakini tusikilizane, Fundi. Zimebaki wiki tatu. Huyu ni wa kwanza wangu kwa hesabu, na katika miaka yangu yote hapa nimepeleka wasichana wanne tu chuo kikuu. Ninataka awe wa tano. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Siku hizi namwona amepauka. Kazi za nyumbani mpunguzie."

Wakili aliingia. Alimwona mama yake kwenye kiti, akatazama mgongo wake, akatazama mikono yake, akitafuta mtoto. Hakumwona. Akashika fremu ya mlango.

"Yuko hai," Fundi akasema haraka. "Yuko kwa nesi. Analazwa."

Wakili alifumba macho, akayafumbua. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshavuta kitabu cha ruhusa, anaandika.

"Nampa mpaka saa kumi jioni. Akusaidie kubeba vitu hospitalini, kesho asubuhi awe darasani." Kalamu ilikwenda, ikasimama kwenye mstari wa sababu. "Niandike mdogo wake anaumwa. Sawa?"

Hapo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Karatasi ile ingewatoa langoni wote wawili, na kesho ingewarudisha. Saa kumi jioni. Fundi aliitazama nembo ya shule juu ya karatasi, ile ile anayoidarizi kwenye mifuko ya blauzi, mia mbili kwa mwaka.

"Haitoshi, mwalimu," alisema. "Nahitaji siku kumi na nne."

Kalamu ikainuka. "Kumi na nne? Za nini? Fundi, mtoto akilazwa anakaa na mama yake. Si na dada."

"Mwalimu," Wakili akaanza, akapiga hatua moja mbele, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kutetea watu uani. "Naomba niseme—"

Fundi aliinua mkono, bila kugeuka, akamzuia.

"Wewe ndiye mama," Mwalimu Mkuu akaendelea, bado kwa upole. "Kaa naye wewe."

Kengele ya kumaliza mapumziko iligonga. Uani miguu ilikimbia, milango ikafungwa mmoja mmoja, mpaka ofisi ikabaki na watu watatu na kitabu kilichofunguliwa. Wakili alikuwa amesogea, amesimama nyuma ya kiti cha mama yake, karibu kiasi cha Fundi kusikia anavyopumua. Mwalimu Mkuu alisubiri. Na Fundi alizungumza, kwa sauti ndogo iliyomlazimu mwenzake aweke kalamu chini na kuinama mezani ili aipate:

"Mimi ni bibi yake."